Kupanga namba kwenye kodi ya programu bila kuvurugwa na NaN na inf

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, simu yangu hupokea swali moja lenye sura nyingi. "Kaka, nimepanga orodha lakini haijapangika." "Kaka, mkulima wa kwanza ana mavuno inf." "Kaka, jana ilikuwa sawa, leo nimeongeza mstari mmoja tu imevurugika yote." Wanaouliza ni vijana wa hapa Mtwara na wengine wa Lindi, wanaojifunza kuandika programu na kuzijaribia kwenye data za nyumbani: kilo za korosho, ufuta, mbaazi, bei za mnadani. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande kwenye WhatsApp, kwa hiyo naandika yote mara moja: jinsi ya kupanga namba zilizoingiliwa na NaN ("si namba") na inf (kubwa kupita kiasi).

Nacheka, lakini na mimi niliumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kushika data za chama kimoja cha msingi, nilichapa orodha ya wanachama kwa wastani wa mavuno kwa kila mkorosho, nikaibandika mlangoni pa ofisi bila hata kuisoma. Nafasi ya kwanza, kwenye safu ya mavuno, paliandikwa "inf". Mzee mmoja akavaa miwani, akasogea, akanigeukia: "Mwanangu, huyu Infu ni wa kijiji gani? Mbona sisi wenye mikorosho ya tangu enzi za baba zetu hatujamfikia?" Karani wa mizani alicheka hadi akapoteza hesabu ya magunia.

Tuanze.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Python 3 kwenye kompyuta. Simu yenye programu ya kuendesha Python inatosha kwa hatua za mwanzo.
- Maktaba (kodi zilizoandikwa tayari) ya pandas na ya NumPy, kama data zako ziko kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa mikato. Kama unaandika kwa JavaScript, kivinjari chochote kinatosha.
- Faili lako, pamoja na nakala yake ambayo hutaigusa. Nakala kwanza, ujanja baadaye.
- Daftari au karatasi ambako data zilitoka, au namba ya simu ya mtu aliyezijaza. Hiki wengi hawakitarajii kwenye orodha ya vifaa vya kodi, na ndicho kitakachokufaa kuliko vyote.

Mfano wetu ni faili hili dogo, nililoliita wakulima.csv:

```
namba,kilo,miti
M-01,340,40
M-02,0,0
M-03,610,50
M-04,275,0
M-05,168,40
M-06,420,
```

M-02 amesajiliwa juzi, hana mikorosho bado. M-04 ameleta kilo 275 ghalani lakini aliyejaza fomu ameweka miti 0. M-06 ana kilo 420, na sehemu ya miti imeachwa wazi.

Nadharia, kidogo tu

Namba za desimali ndani ya kompyuta yako zinafuata kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985. Aliyeibeba zaidi ni profesa William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyepewa tuzo ya Turing mwaka 1989. Kanuni hiyo iliacha nafasi kwa matokeo ambayo si namba za kawaida. La kwanza ni inf, yaani kubwa kupita kiasi, na ndugu yake hasi -inf. La pili ni NaN, maana yake "si namba", linalotokea pale hesabu isipokuwa na jibu: sifuri kugawa kwa sifuri, au inf kutoa inf.

Shika tofauti hii moja. Inf ina nafasi yake kwenye mstari: ni kubwa kuliko namba zote za kawaida, na -inf ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo hupangika bila tabu. NaN haina nafasi. Ukiuliza kama NaN ni ndogo kuliko 5, jibu ni hapana. Ni kubwa kuliko 5? Hapana. Ni sawa na 5? Hapana. Ni sawa na NaN yenyewe? Hapana vilevile. Kupanga orodha ni kuuliza maswali ya "nani mdogo" mara nyingi, na huyu mmoja kila akiulizwa anajibu hapana.

Hatua ya 1: Jionee mwenyewe

Andika hivi kwenye Python:

```
nan = float("nan")
print(sorted([9.5, nan, 4.2, 12.0]))
```

Utapata:

```
[9.5, nan, 4.2, 12.0]
```

Orodha imetoka kama ilivyoingia. Hakuna onyo wala maandishi mekundu. Python ilianza kutazama kama orodha tayari imepangika. Ikauliza: NaN ni ndogo kuliko 9.5? Hapana. 4.2 ni ndogo kuliko NaN? Hapana. 12.0 ni ndogo kuliko 4.2? Hapana. Basi, ikaamini hakuna aliyekaa vibaya. 9.5 na 4.2 hazikuwahi kulinganishwa, kwa sababu NaN ilikaa katikati yao kama ukuta.

Sasa jaribu na hii:

```
print(max([nan, 9.5, 12.0]))
print(max([9.5, nan, 12.0]))
```

Ya kwanza itatoa nan, ya pili itatoa 12.0. Vitu ni vilevile, kilichobadilika ni nani ametangulia. Ndiyo maana yule kijana aliona jana sawa na leo vurugu: kodi yake haikubadilika, NaN ndiyo ilihama mstari.

Hatua ya 2: Jua NaN na inf zako zimeingilia mlango gani

Usikimbilie kuziondoa. Kwanza jua zilivyoingia, maana milango ni michache na kila mmoja una dawa yake.

Mlango wa kwanza ni kugawa kwa sifuri. Python ya kawaida hairuhusu. Ukiandika 275 / 0 inasimama na kukupa ZeroDivisionError. Wengi hudhani kwa hiyo wako salama. Lakini pandas, NumPy na JavaScript haziko hivyo. Kwenye pandas:

```
import pandas as pd
df = pd.read_csv("wakulima.csv")
df["kwa_mti"] = df["kilo"] / df["miti"]
print(df.sort_values("kwa_mti", ascending=False))
```

M-04 atapata inf na kukaa juu kabisa. M-03 anafuata na 12.2, M-01 na 8.5, M-05 na 4.2. Chini wapo M-02 na M-06, wote NaN. Huyo hapo Infu wetu.

Mlango wa pili ni seli tupu. M-06 hakugawanywa kwa sifuri. Hakukuwa na kitu cha kugawia. Pandas hujaza NaN mahali palipo wazi. Angalia sasa: M-02 na M-06 wanaonekana sawa kwenye orodha, na habari zao ni tofauti kabisa. Mmoja hana mikorosho. Mwingine anayo, ila haikuandikwa.

Mlango wa tatu ndio ulioniumiza zaidi, na ndio nataka usome polepole: alama ya mkato kwenye maelfu. Karani akijaza kwa eksel huandika 1,200 badala ya 1200. Pandas ikikuta mkato huo inaichukua safu nzima kama maandishi, na ukijaribu kugawa inakataa. Ukitafuta msaada utaambiwa utumie pd.to_numeric(df["kilo"], errors="coerce"). Unaitumia, kelele zinaisha, unafurahi. Ulichofanya ni kuiambia pandas kila isichokielewa ikigeuze NaN kimyakimya. Na nani wana mkato kwenye kilo zao? Waliofikisha kilo 1,000 na kuendelea! Mimi baada ya kumwondoa Infu nilifanya hivyo hivyo, na orodha ya pili ikawa haina mkulima mkubwa hata mmoja. Wote walikuwa chini kabisa na NaN zao. Dawa iko kwenye kusoma faili, si baada yake:

```
df = pd.read_csv("wakulima.csv", thousands=",")
```

Mlango wa nne ni wa huku kwetu hasa. Pandas ikikuta herufi NA peke yake kwenye seli, inadhani maana yake ni "hakuna data". Kuna karani mmoja aliyefupisha majina ya wilaya: MA kwa Masasi, TA kwa Tandahimba, NE kwa Newala, na NA kwa Nachingwea. Nachingwea yote ikageuka NaN. Ukijumlisha kwa wilaya ukitumia groupby, wilaya hiyo haitatokea kabisa, kwa sababu groupby kwa kawaida huacha funguo zenye NaN. Hata angeiandika Nanyumbu kwa NA, yangekuwa yaleyale. Ukiwa na vifupisho, soma hivi:

```
df = pd.read_csv("wakulima.csv", thousands=",",
                 keep_default_na=False, na_values=[""])
```

Hapo seli tupu pekee ndiyo itakayohesabiwa kuwa haina data.

Milango mingine ni midogo. Kwenye Python, float("nan") na float("inf") hukubaliwa kama namba halali, kwa hiyo faili likiwa na maneno hayo yanapita bila kupigwa swali. Kwenye NumPy, logi ya sifuri hutoa -inf. Na namba ikizidi takriban 1.8 ikizidishwa kwa 10 kwa kipeo cha 308, hugeuka inf. Kwenye hesabu za korosho hutaifikia hata ukiuza ghala zima.

Hatua ya 3: Zihesabu kabla ya kupanga

```
import numpy as np
print("NaN:", df["kwa_mti"].isna().sum())
print("inf:", np.isinf(df["kwa_mti"]).sum())
```

Kwa faili letu utapata NaN 2 na inf 1. Andika namba hizo pembeni. Ukiona NaN 2 kati ya wanachama 600, ni jambo la kupiga simu mbili. Ukiona 240, usipange chochote. Rudi hatua ya 2, kuna mlango uko wazi.

*Angalia:* isna() haihesabu inf. Kwa pandas, inf ni namba kama namba nyingine.

*Angalia tena:* usiandike if x == nan. Haiwi kweli hata siku moja, kwa sababu NaN hailingani na yenyewe. Tumia math.isnan(x). Ukitaka kujua kama namba ni nzima, yaani si NaN wala inf, tumia math.isfinite(x).

Hatua ya 4: Amua zitakaa wapi

Hapa kompyuta haikusaidii. Uamuzi ni wako na wa mwenye data.

Ushauri wangu kwa orodha zinazohusu watu: zitenge. Anayeanika korosho kwenye mkeka huzichambua kabla ya kupima, mbovu zikakaa pembeni. Hazitupi papo hapo, wala hazichanganyi na nzuri. Fanya hivyo hivyo:

```
nzima = np.isfinite(df["kwa_mti"])
orodha = df[nzima].sort_values("kwa_mti", ascending=False)
maswali = df[~nzima]
```

"orodha" ndiyo unayochapa. "maswali" ndiyo unayokwenda nayo kwenye daftari. Mimi huichapa pia, chini ya ile ya kwanza, na kichwa cha habari "Tunaomba idadi ya miti". Wenyewe wakiona namba zao hapo huja kujieleza bila kuitwa.

Zikiwa ni lazima zibaki kwenye orodha moja, ziweke mwisho, iwe unapanda (ndogo kwanza) au unashuka (kubwa kwanza). Kuziweka mwanzo kunafaa pale tu orodha ni ya mkaguzi anayetafuta makosa.

Jambo nisilolikubali ni kujaza sifuri. Najua fillna(0) ni fupi na inanyamazisha kila kitu. Lakini sifuri ni namba, na inasema kitu: mkulima huyu mikorosho yake haijazaa hata punje. M-06 ana kilo 420 ghalani. Umemwandika mvivu mbele ya wenzake kwa sababu ya seli moja tupu, na mwakani salfa (dawa ya mikorosho) ikigawiwa kwa kufuata mavuno ya nyuma, utamweleza nini?

Inf nayo si lazima iwe kosa. Niliwahi kuandika programu ndogo ya kupanga ghala kwa umbali wa barabara. Masika njia nyingine hazipitiki, na njia isiyopitika niliipa umbali inf kwa makusudi. Ilikwenda mwisho wa orodha yenyewe, mahali pake hasa. Kwa hiyo kabla ya kuifuta jiulize kama uliiweka wewe au imejileta.

Hatua ya 5: Panga kwenye Python ya kawaida

Huna pandas, una orodha tu? Mpe sorted ufunguo wenye sehemu mbili: kwanza kama ni NaN au la, kisha namba yenyewe.

```
import math

def ufunguo(x):
    return (math.isnan(x), x)

mavuno = [9.5, nan, 4.2, float("inf"), 12.0]
print(sorted(mavuno, key=ufunguo))
```

Matokeo:

```
[4.2, 9.5, 12.0, inf, nan]
```

Namba zisizo NaN zinapata False, NaN zinapata True, na False hutangulia True. NaN hailinganishwi tena na namba ya kawaida, kwa kuwa sehemu ya kwanza imeshamaliza ubishi.

*Kosa la kawaida:* kutaka kubwa kwanza halafu ukaongeza reverse=True. Hapo unageuza na ile sehemu ya kwanza, NaN zote zinapanda juu. Badala yake geuza alama ya namba tu:

```
print(sorted(mavuno, key=lambda x: (math.isnan(x), -x)))
```

Sasa inf inaongoza, kubwa zinafuata, NaN ziko mwisho.

Hatua ya 6: Panga kwenye pandas na NumPy

Pandas imetuonea huruma: sort_values huweka NaN mwisho iwe unapanda au unashuka. Ukizitaka mwanzo, ongeza na_position="first".

NumPy nayo huweka NaN mwisho kwa np.sort, lakini haina njia ya kushuka. Watu hugeuza kwa np.sort(x)[::-1], na NaN zinaruka mbele. Tumia -np.sort(-x). Pia np.max ikikuta NaN moja inatoa NaN, na np.argmax itakupa nafasi ya ile NaN. Zipo np.nanmax na np.nanargmax kwa kazi hiyo, ila zinaruka NaN tu. Inf itaendelea kushinda.

Hatua ya 7: Panga kwenye JavaScript

Kwanza kabisa, sort() bila kilinganishi (kodi inayosema nani atangulie) hupanga namba kama maneno. [9, 10, 2].sort() inatoa 10, 2, 9. Hilo halihusiani na NaN, ila nusu ya maswali ninayopata ni hilo.

Kilinganishi ambacho kila mtu hufundishwa ni (a, b) => a - b. NaN ikiingia, jibu la kutoa ni NaN, na JavaScript huihesabu kama 0, yaani "hawa wawili ni sawa". NaN inakuwa sawa na 4.2 na sawa na 12, wakati 4.2 na 12 si sawa. Kilinganishi kikijikanganya namna hiyo, lugha haikuahidi mpangilio wowote. Andika hivi:

```
function linganisha(a, b) {
  const aTupu = Number.isNaN(a);
  const bTupu = Number.isNaN(b);
  if (aTupu && bTupu) return 0;
  if (aTupu) return 1;
  if (bTupu) return -1;
  if (a < b) return -1;
  if (a > b) return 1;
  return 0;
}
mavuno.sort(linganisha);
```

Ukitaka kushuka, badilisha alama kwenye mistari ya a < b na a > b pekee. Usiguse ile ya NaN.

Chunga pia unavyosoma maandishi ya fomu. Number("") inakupa 0, si NaN. Lakini parseFloat("") inakupa NaN. Number("1,200") ni NaN, na parseFloat("1,200") ni 1. Kilo 1,200 zimegeuka kilo moja, bila onyo! Ondoa mikato kwanza, na sehemu iliyoachwa wazi ikague kabla hujaigeuza.

Kwa wanaotumia lugha nyingine, kwa haraka. Java: Double.compare na Arrays.sort huweka NaN mwisho, uko salama. Go: huziweka mwanzo. Rust: haikubali kupanga desimali mpaka useme utalinganishaje, tumia total_cmp. C++: std::sort yenye NaN haina dhamana yoyote, hata programu inaweza kuanguka, zitenge kwanza. PostgreSQL huiona NaN kuwa kubwa kuliko namba zote, kwa hiyo ukishuka itaongoza. SQLite huigeuza kuwa NULL, yaani tupu.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kubandika mlangoni

Usijaribu kwa orodha moja. Ivuruge mara nyingi uone kama jibu linabaki lilelile.

```
import random

def kagua(orodha):
    tokeo = sorted(orodha, key=ufunguo)
    nzuri = [x for x in tokeo if not math.isnan(x)]
    assert len(tokeo) == len(orodha)
    assert all(a <= b for a, b in zip(nzuri, nzuri[1:]))
    assert all(math.isnan(x) for x in tokeo[len(nzuri):])

for _ in range(1000):
    random.shuffle(mavuno)
    kagua(mavuno)
```

Ikinyamaza, imepita. Kuna mtego hapa: ukikagua orodha nzima kwa sharti la "hakuna jirani aliye mkubwa kuliko anayefuata", yaani not a > b, ile orodha mbovu ya hatua ya 1 itapita! NaN itajibu hapana kama kawaida yake, na hapana zake zitahesabiwa kama ushahidi kwamba mambo ni mazuri. Ndiyo maana nimezitoa kwanza.

Ukikwama

*Napata TypeError inayotaja NoneType na float.* Hiyo si NaN, ni None. Python haikubali kulinganisha None na namba, na ni afadhali, kwa sababu inapiga kelele. Badilisha ufunguo uwe (x is None or math.isnan(x), 0 if x is None else x).

*Nimeondoa NaN lakini bado kuna inf juu.* dropna() haigusi inf. Tumia np.isfinite kama kwenye hatua ya 4, au igeuze kwanza: df.replace([np.inf, -np.inf], np.nan).

*Wastani wa kijiji kizima umekuwa inf.* Ni mkulima mmoja tu. mean() ya pandas huruka NaN lakini inf inaijumlisha, na inf ukiijumlisha na chochote cha kawaida inabaki inf.

*Idadi ya wakulima imepungua baada ya kujumlisha kwa wilaya.* Soma tena habari ya NA. Kama si hiyo, jaribu groupby("wilaya", dropna=False) uone kundi lililofichwa.

*Python imetuma data, ukurasa wangu wa JavaScript umebaki mweupe.* json.dumps ya Python huandika neno NaN ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kupitishia data), na JSON haina neno hilo, kwa hiyo JSON.parse inakataa faili lote. Weka allow_nan=False uione shida mapema upande wa Python, kisha tuma None, ambayo itafika kama null. Kinyume chake JSON.stringify huandika NaN na Infinity zote kama null, kwa hiyo ukirudisha data huwezi tena kujua ipi ilikuwa ipi.

*Nataka kwenye karatasi paandikwe "haijajazwa" badala ya nan.* Fanya hivyo mwisho kabisa, kwenye nakala ya kuchapa, baada ya kupanga. Ukiweka maneno ndani ya safu ya namba kabla ya kupanga, safu inakuwa mchanganyiko wa maandishi na namba, na unarudi kwenye TypeError.

*Nimeuliza karani, naye hajui miti ya M-04 ni mingapi.* Mwache kwenye "maswali". Mzee wetu wa miwani ndiye aliyeniletea jibu la Infu wa kwanza: ni jirani yake, ana mikorosho 31, na fomu ilijazwa siku ya mvua wino ukafutika.